Deni kwa Waliokufa

Je, anayetunga hadithi ya mapenzi ya zamani anadaiwa ukweli na watu waliokwisha kufa? Naamini anadaiwa, na deni lenyewe si la mavazi tu. Georgette Heyer, Mwingereza ambaye wapenzi wa fani hii wanamtukuza mpaka leo, alilipa sehemu yake kwa bidii. Riwaya yake Regency Buck ya mwaka 1935 inayajua vizuri magari ya farasi, vitambaa vya shingoni na lugha ya mabwana wa London ya miaka ya 1810. Lakini miaka hiyohiyo watumwa walikuwa wakikata miwa katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza. Sheria ya kukomesha utumwa huo ilipitishwa 1833. Wacheza dansi tunawaona, mkata miwa hatumwoni, na usahihi wa kitambaa cha shingoni haufidii pengo hilo.

Watakuwapo wa kusema kwamba msomaji anatafuta pumziko, hataki somo la historia. Hoja hiyo ina uzito, maana kila mtu ana haki ya kufurahi. Ila Beverly Jenkins wa Marekani ameijibu kwa kazi yake. Katika Night Song (1994), mwalimu mweusi huko Kansas, Cara Lee Henson, anapendana na sajini wa askari weusi wapanda farasi. Dhuluma inatajwa waziwazi, na mapenzi yanabaki matamu. Tena yanakolea, kwa kuwa tunajua yamepatikana kwa taabu gani. Heyer na asomwe. Kura yangu nampa Jenkins.