Furaha ya bibi katika ndoa: ni zawadi, ni deni, ao ni yake mwenyewe?

Katika vitabu kama hiki tunapenda kuandika juu ya mahari, majina, matanga na ngoma. Kuna desturi moja ya Maziwa Makubwa ambayo tunapita pembeni yake sababu ya haya. Haya si kitu kibaya. Lakini ndani ya desturi ile kuna swali ambalo wazee wetu walijiuliza bila kungojea vitabu vya Wazungu: bwana na bibi wakilala pamoja, furaha ya bibi ni ya nani?

Ninasema juu ya kunyaza. Wasomaji wa upande wa Goma na Rutshuru wanajua neno hili. Rwanda na Burundi wanalijua zaidi, na Uganda ya mangaribi wanasema kakyabali. Kwa mutu ambaye hajasikia: bwana haharakishi kuingia. Kwa ncha ya uume wake anagonga-gonga na kupapasa kisimi cha bibi na midomo ya uke, pole pole, kisha kwa haraka, mpaka bibi anafika kilele, na mara nyingi maji yanatoka. Jina limetoka pale: kwa Kinyarwanda kunyara ni kukojoa, na kunyaza ni kufanya mutu akojoe. Wazee wanaeleza kwa kucheka hadisi ya malkia wa zamani na mulinzi wake, kwamba mambo yalianzia kwao. Mwaka 2016 Olivier Jourdain alitoa filamu yake L'eau sacrée juu ya desturi hii kule Rwanda, na mule wamama wanasema wazi kile ambacho siye wa diploma tunanong'ona.

Kwa habari hii kijiji kilitangulia madaktari. Mwaka 1905 Freud, kule Vienna, aliandika kwamba musichana akikomaa anapaswa kuacha furaha ya kisimi na kuihamisha ndani ya uke. Basi kukawa furaha mbili, moja ya kitoto na moja ya mutu mukubwa, na wanawake wengi wa Ulaya na Marekani waliambiwa wako wagonjwa juu tu mwili wao haukutii kitabu. Mwaka 1966 Masters na Johnson, ambao walipima mambo haya kwa vyombo kule Saint Louis, walisema kwamba mwili unafanya kazi ile ile katika kilele, hata kikiamushwa na mahali gani. Na mwaka 1998 daktari mupasuaji wa Australia, Helen O'Connell, alionyesha kwamba kile tunachoona cha kisimi ni kichwa tu. Sehemu kubwa iko ndani: miguu miwili, na vifuko vinavyojaa damu vikikaa pande zote mbili za uke. Kwa hiyo mwanamuke mumoja anasikia furaha kwa kuguswa inje, mwingine kwa ndani, mwingine kwa njia zote mbili. Mumoja anafika mara nyingi, mwingine mara moja, mwingine hafiki na bado anapenda kulala na bwana wake. Hawa wote ni wazima.

(Katika somo la biolojia tunachora mufumo wa uzazi kwenye ubao. Kisimi hakizai, basi hakichorwi. Mutoto wa kike anatoka shuleni anajua mirija ya Fallope, hajui mwili wake.)

Turudi kwa swali. Wanaume wengi wa leo wanajibu kwamba ni zawadi: "Mimi namutosheleza bibi yangu." Wanasema vile kama wanasema wamemununulia kitenge. Lakini mwenye kupewa zawadi hawezi kudai. Desturi ilikuwa na akili zaidi, yenyewe ilisema ni deni. Bibi asiyefurahi alikuwa na mutu wa kumwambia, mara nyingi shangazi yake, na bwana alionywa. Mimi ninaona haki katika jambo hilo, haki ambayo hata sheria zetu hazitaji.

Lakini deni linatafuta risiti, na maji yakageuka risiti. Bibi akikosa maji, anachekwa, wanasema amekauka. Kosa linahama kutoka kwa bwana linaenda kwake. Uchunguzi mudogo wa wanawake 7 uliofanywa Ufaransa na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maji yale mengi yanatoka katika kibofu, sawa vile jina la Kinyarwanda lilikuwa linasema. Wengine wanayo, wengine hapana. Kilele kinakuja bila maji. Risiti ile haishuhudii kitu.

Ndipo bibi anaanza kujifanya. Je, anadanganya? Ndiyo, anadanganya. Lakini niangalie darasani kwangu. Mwalimu anauliza kwa sauti kubwa: "Mumeelewa?" Darasa nzima: "Ndiyo, mwalimu!" Watoto wale wanataka amani tu. Mwalimu anarudi nyumbani na furaha yake, mpaka siku ya mutihani. Katika kitanda hakuna mutihani, mutu anaweza kudanganywa miaka 30. Deni la kweli ni lile mutu analoweza kulipa: kuuliza, kungojea, kusikiliza jibu, hata jibu la "leo hapana." Kilele chenyewe hakiwezi kuamriwa.

Na kama furaha ni ya bibi mwenyewe, mwili ulikuwa wake tangu utoto. Hapo ninaachana na wale wanaosifu desturi yote kwa jumla. Gukuna, kuvuta midomo ya uke, inaanzishwa kwa watoto wa miaka 10 hivi, kwa ajili ya bwana ambaye bado hawamujui. Mutoto wa miaka 10 hawezi kukubali. Mazungumuzo ya shangazi yabaki. Mikono ingojee musichana akomae na achague.

Wengine watasema: hapa Kivu, kisha vita na jeuri yote waliyofanyiwa wanawake, unaandika juu ya raha? Ndiyo, juu ya ile sababu. Semina zimetufundisha maneno mengi ya jeuri, na sheria ya tarehe 20 Julai 2006 imeyaandika. Musichana wetu anakomaa akijua mwili wake kama mahali pa hatari tu.

Tena, mbele ya arusi, bibi-arusi ana shangazi wa kumufundisha. Bwana-arusi anafundishwa na nani? Na rafiki zake kwenye bia, na video za kwenye simu.