Mtu Mzima na Farasi Mwenye Mabawa

Askofu James Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, akiwa njiani kwenda Buganda. Leo anayetoka Jinja kuelekea Iganga hupita Bugembe, palipo Kanisa Kuu la Kristo, makao ya dayosisi ya Busoga, na katika nchi hiyo jina la Hannington hutajwa kwa unyenyekevu unaomstahili shahidi wa dini. Lakini ana upande mmoja ambao mahubiri huuruka. Katika safari yake ya kwanza ya Afrika Mashariki, mwaka 1882 na 1883, safari iliyokatizwa na maradhi, aliwaandikia watoto wa ukoo wake Uingereza barua zenye michoro ya mkono wake mwenyewe, mingine ya kuchekesha waziwazi. Barua hizo zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1886, yeye akiwa ameshakufa, na kichwa cha kitabu kinatamka kwamba ni barua zenye picha kwa ajili ya vijana wa nyumbani. Ni rahisi basi kusema kwamba picha zile zilikuwa za watoto. Mimi nasema furaha iliyozichora ilikuwa ya mtu mzima, mgonjwa, aliye mbali na kwao; na swali langu ni kama furaha ya namna hiyo ina nafasi katika maisha ya mwamini aliyekomaa.

Mazoea yetu yanajibu kwamba haina. Vitabu vya darasa la kwanza vimejaa picha. Kadiri mtoto anavyopanda madarasa picha zinapungua, na akifika sekondari zimebaki ramani na mchoro wa moyo. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, ila kila mtu anaifuata, na nyumba za ibada zinaifuata pia: picha ni za shule ya Jumapili, wakubwa wana maandishi yao. Picha huhesabiwa kuwa tegemeo la asiyejua kusoma bado. Akishajua, tegemeo huondolewa. Hoja yangu ni kinyume cha hiyo. Nadai kwamba kitabu cha picha cha kubuni, kile chenye mazimwi, wanyama wanaosema na farasi wanaoruka, humpata msomaji wake kamili katika mtu mzima, na kwamba kukifurahia ni zoezi la macho ambalo dini zetu zinalihitaji kuliko zinavyokiri.

Chukua kitabu kimoja kinachojulikana sana, Where the Wild Things Are cha Mmarekani Maurice Sendak, kilichotoka mwaka 1963. Mvulana Max anafanya utundu, anapelekwa kulala bila kula, chumba chake kinageuka msitu, anasafiri hadi nchi ya mazimwi na kuwa mfalme wao, kisha anakumbuka nyumbani na kurudi. Chakula chake anakikuta chumbani, kingali moto. Hiyo ndiyo hadithi anayoifuata mtoto. Sasa zitazame picha zenyewe. Ya kwanza ni ndogo, imezungukwa na weupe mwingi wa karatasi. Zinazofuata zinazidi kutanuka, zinaula ule weupe, mpaka mazimwi yanapocheza ngoma yao picha imeenea kurasa mbili zilizofunguliwa, ukingo hadi ukingo, na maneno yametoweka kabisa; unafunua hivyo mara tatu mfululizo bila kukutana na herufi hata moja. Kisha tazama dirisha. Max anapofungiwa chumbani, mwezi ulioko nje ni mwembamba. Anaporudi, ni mwezi mpevu. Maneno ya mwisho yanasema hakuna muda uliopita, maana chakula hakijapoa. Mwezi unasema zimepita siku nyingi. Sendak haupatanishi mgongano huo wala hauelezi.

Mtoto wa miaka minne anauona mwezi, pengine haraka kuliko mzazi wake. Lakini aliyewahi kukesha kwenye matanga, au kuketi usiku kucha kando ya kitanda cha mgonjwa, ndiye anayejua mgongano huo una maana gani. Kuna saa ya ukutani na kuna saa ya moyo. Zaburi ya 90, inayoiweka miaka elfu mbele za Mungu kama siku iliyopita, inagusa jambo hilo hilo. Raha ya kitabu hiki haimo katika maneno peke yake, wala katika picha peke yake. Imo katika pengo baina ya hivyo viwili, na kulivuka pengo hilo kunataka umri. Hapo pia ndipo linapojibiwa lile dai kwamba picha humtafunia msomaji na kuua ubunifu wake. Picha mbaya hufanya hivyo, sawa na mahubiri mabaya. Picha nzuri humwachia mtu kazi.

Pingamizi la kwanza la kidini linatoka kwa Paulo, katika sura ya 13 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho: alipokuwa mtoto alisema na kuwaza kitoto, na alipokuwa mtu mzima akayaacha ya kitoto. Aya hiyo imetumika kama rungu juu ya kila starehe isiyo na uzito. Ila wanaoinukuu huishia njiani. Mara tu baada ya hapo Paulo anasema kwamba kwa sasa tunaona katika kioo, na Biblia ya Kiswahili inatumia neno fumbo. Kuona uso kwa uso bado kunakuja. Basi mtu mzima wa Paulo si yule aliyeshavuka picha. Ni yule anayejua kwamba bado yumo ndani yake. Mtoto ndiye anayedhani ameona yote. Na yale ya kitoto yaliyokuwa yakilitesa kanisa la Korintho yanajulikana kwa kuusoma waraka wenyewe: ugomvi wa nani ni wa Paulo na nani ni wa Apolo, kushindania karama, kula kabla wengine hawajafika. Hakuna hata moja linalohusu kushangaa. Katika Mathayo 18, Yesu anamsimamisha mtoto mbele ya watu wazima na kuwaambia wageuke wafanane naye. Naona Paulo na Mathayo wanapatana: acha choyo ya kitoto, shika macho ya kitoto.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mashariki mwa Uganda haliwezi kuepukwa. Karibu na Mbale, kwenye kilima cha Nabugoye, wanaishi Abayudaya, jamii inayoshika Torati tangu Semei Kakungulu alipoigeukia dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Mbale hiyo hiyo ndipo kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu mwaka 1988. Kwa Myahudi kuna amri ya kutojifanyia sanamu ya kuchonga. Kwa Mwislamu kuna hadithi za Mtume zinazowaonya vikali watengeneza picha za viumbe hai, na wanazuoni wanatofautiana hadi leo juu ya mipaka ya katazo hilo. Siidharau tahadhari hiyo. Mwanadamu kweli huabudu kazi ya mikono yake, na anayecheka hofu hiyo hajawahi kuangalia vizuri nguvu ya picha. Hata hivyo mapokeo yenyewe yamehifadhi mambo mawili ambayo ningependa yapimwe.

Moja ni Haggada ya Vichwa vya Ndege, kitabu cha usiku wa Pasaka kilichoandikwa kusini mwa Ujerumani karibu mwaka 1300 na ambacho sasa kiko Jerusalem. Ndani yake watu wana miili ya binadamu na vichwa vya ndege vyenye midomo. Wengi huieleza kuwa njia ya kukwepa kuchora uso wa mwanadamu. Na tazama matokeo: katazo halikuua mchoro, liliuzalisha, tena mchoro wa ajabu kuliko uso wa kawaida. Na kitabu hicho si cha watoto peke yao. Haggada husomwa mezani na ukoo mzima, babu na mjukuu kwenye ukurasa mmoja. La pili limo katika Sunan ya Abu Dawud, mkusanyo wa hadithi za Mtume. Mtume Muhammad (S.A.W.) alirudi kutoka vitani akaona miongoni mwa wanasesere wa Bibi Aisha farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Akauliza, farasi na mabawa? Aisha akamjibu kwa kuuliza kama hakusikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Wanazuoni wamejadili sana hukumu inayotokana na habari hiyo, na wapo wanaoiwekea mpaka wa michezo ya watoto. Mimi nasimama kwenye kicheko. Aliyecheka alikuwa ameshapita miaka 50, ametoka safarini na vitani, na kitu cha kubuni kilichoshonwa kwa vitambaa kikamfurahisha waziwazi mbele ya mwenye nacho.

Tofauti ya sanamu na kitabu cha picha, kwa maoni yangu, iko kwenye mkono. Sanamu inataka macho yabaki palepale na magoti yashuke. Kitabu kinakutaka ufunue, uiache picha hii uende kwenye ile, na mwisho ukifunge. Sanamu haina ukurasa wa pili.

Wanaosema kwamba kubuni ni kusema uongo nitawajibu kwa ufupi. Mwongo huficha kwamba anadanganya. Msimulizi huanza kwa kuitikiwa paukwa, pakawa, na kila aliyeketi hapo anajua mlango umefunguliwa wa kuingia wapi. Nabii Nathani alimpeleka Daudi kwenye toba kwa habari ya kondoo mmoja ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Linabaki pingamizi la uhitaji, na hili linauma. Tangu Uganda ilipoanza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, madarasa yamefurika na vitabu havikufuata kwa kasi hiyo. Je, ni haki mtu mzima wa Bugembe aketi na kitabu cha picha wakati mtoto wa jirani hana hata kimoja? Jibu jepesi ni kwamba mtoto hupenda kusoma akimwona mkubwa akifurahia kusoma. Ni kweli, ila sitaki kutokea mlango huo, kwa sababu unaifanya furaha iombe ruhusa ya kazi. Kitabu cha Mwanzo kinasema Mungu aliumba, akatazama, akaona ni vyema, kisha akapumzika. Kutazama kwa kuridhika kumetajwa humo kabla ya pumziko, kama sehemu ya kazi yenyewe. Anayetunza siku ya ibada lakini hajui kutazama kitu kwa raha amebakiwa na nusu ya siku hiyo.

Na kitabu ambacho wakubwa wa kwetu wangeweza kuanzia nacho kina mizizi ya hapa. Muriel Feelings, Mmarekani mweusi aliyefundisha sanaa Kampala, aliandika Jambo Means Hello, alfabeti ya Kiswahili iliyochorwa na Tom Feelings na kutoka mwaka 1974. Ina herufi 24, kwa kuwa q na x hatuna. Herufi h ni heshima. Punda anachoreka, heshima inachorwaje? Busoga, ambako binti hupiga magoti kumwamkia mkubwa, msomaji mwenye umri atajiuliza kama yale magoti ndiyo heshima yenyewe au ni picha yake tu, na swali hilo lina kina kuliko mengi yanayoulizwa mimbarini.

Kwa hiyo nawaomba wachoraji wa Jinja na Mbale, na wanaoandika kwa Lusoga na Lumasaaba: tuchoreeni vitabu hivyo, na msiandike umri kwenye jalada. Nawe msomaji, ukikikuta kimoja, kisome chote, polepole, hata kama hakuna mtoto mapajani.