Kutembea kwa Ajili ya Marehemu

Dada mmoja wa usharika wetu alikuja ofisini baada ya ibada akiwa na daftari mkononi. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa kisukari, baada ya kukatwa mguu. Alitaka kutembea kilomita 5 kila alfajiri kwa siku 40, jumla kilomita 200, na watu waahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Fedha zingenunua vipimo vya sukari na dawa za vidonda kwa zahanati ya jirani. Aliomba tangazo kanisani.

Mzee wa kanisa aliyekuwapo aliuliza kwa upole, "Mchungaji, hili si ndilo Luther alilolikataa?"

Swali lake halikuwa dogo. Mwaka 1517 Martin Luther aliandika hoja zake 95 kwa sababu watu walikuwa wakiuziwa vyeti vya msamaha. Wahubiri kama Johann Tetzel waliwaambia kwamba fedha yao ingewatoa wazazi wao waliokufa katika mateso ya toharani. Biashara ile ilishamiri kwa sababu iligusa panapouma: nani atakataa kutoa akiambiwa mama yake analia? Ndiyo maana sisi Walutheri hushtuka tukisikia marehemu na mchango vikitajwa pamoja.

Nilimuuliza yule dada, "Unatembea kwa nini?"

Alinyamaza, kisha akasema, "Mama alinipigia simu kuhusu kidonda mguuni. Nikamwambia nitakuja mwisho wa mwezi. Nilipofika, mguu ulikuwa umeshakatwa."

Nilielewa kwamba alikuwa analipa deni. Ikanibidi nimwambie jambo gumu: kilomita 200 haziwezi kulilipa, wala 2,000. Kama kuna kosa, Kristo amelibeba msalabani. Mama yake yuko mikononi mwa Mungu, naye Mungu hangoji ahadi zetu ndipo amtunze.

Alilia. Kisha akauliza, "Kama silipi deni, Mchungaji, basi natembea bure?"

Nikamjibu, "Ndiyo, dada. Bure, kama neema ilivyo bure."

Luther alifundisha kwamba imani humweka mtu huru, na aliye huru mikono yake inabaki wazi kumtumikia jirani. Mungu hana upungufu unaojazwa na matendo yetu. Jirani ndiye mwenye upungufu. Katika hoja zile zile alisema kumpa maskini ni bora kuliko kununua cheti. Kisukari huua hisia za miguu. Mtu anaweza kukanyaga mwiba asijue. Kidonda kikionekana mapema hutibika. Basi marehemu hapati kitu kwa matembezi haya, lakini mama wa mtu mwingine anaweza kubaki na mguu wake. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Lilibaki onyo la Bwana Yesu kuhusu wanaopiga tarumbeta wanapotoa sadaka. Tulikubaliana kwamba majina na ahadi havitasomwa mbele ya usharika, ili mwenye senti mbili, kama yule mjane wa hekaluni, asione aibu. Mhazini angetangaza jumla na matumizi tu, pamoja na stakabadhi. Anayetumia jina la marehemu kuomba fedha ana wajibu mzito wa uaminifu, kwa kuwa marehemu hawezi kusimama kujitetea.

Siku ya mwisho yule mzee wa kanisa alitembea naye, polepole, na fimbo yake. Sikumuuliza kama alikuwa ameridhika na jibu langu.

Mpendwa msomaji, kumbukumbu njema ya mzazi ni ile inayomfikia aliye hai. Na kama mzazi wako angali hai, na wiki hii amekupigia simu, usingoje mwisho wa mwezi. Kilomita yako ya kwanza ni ile ya kwenda kwake.