PUA ILIYOZOEA NA MOYO ULIOZOEA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba hali hatuna ilimu, kisha akatufungulia milango ya kuipatia. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zangu Waislamu, jueni ya kuwa mwili wa mwanadamu ni kama mji, na milango yake ijulikanayo na wote ni mitano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Lakini mlango haujui lolote. Kazi yake ni kupokea na kupeleka. Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 wa Kimasihi, alibainisha katika Kitab al-Manazir ya kuwa nuru hutoka katika vitu ikaingia jichoni, wala si jicho litoalo nuru. Na ya kuwa kuona hakutimii mpaka akili ipambanue.

Tazameni mlango wa pua. Mtu afukizapo udi, chembe zisizoonekana huchukuliwa na hewa zikapanda hata juu ndani ya pua. Huko pana utando wenye unyevu, na katika utando huo mna mamilioni ya seli zenye vinywele vyembamba. Harufu ivigusapo, habari hupita kwa mishipa ya fahamu, katika vitundu vya mfupa ulio chini ya ubongo. Hapo ndipo mtu asemapo: Huu ni udi.

Akikaa chumbani humo kitambo, hausikii tena. Udi haukwisha, wala pua haikuugua. Seli na ubongo hupunguza habari ya kitu kisichobadilika, ili viwe tayari kwa kipya. Ndiyo sababu muuza papa sokoni hasikii harufu ya papa, na mvaa kofia huisahau kichwani. Hii ni rehema. Lau tungeihisi kofia na kanzu saa zote, nani angepata utulivu katika sala?

Walakini Mola hakuyafanya maumivu yazoeleke upesi kama harufu, kwa kuwa maumivu ni mlinzi. Ugonjwa wa ukoma, ambao leo una dawa ya kuuponya, usipotibiwa mapema huua mishipa ya hisia. Mtu akakanyaga mwiba au kaa la moto asijue, na kidonda kikaoza asione uchungu. Si kila asiyeumwa ni mzima.

Basi na tuzitazame nyoyo zetu. Siku ya kwanza mtu aliposikia barazani nduguye Muislamu akisengenywa, moyo ulimchoma. Siku ya pili ulimchoma kidogo. Leo hucheka pamoja nao, na adhana ya Isha ikalia, naye angali akingoja mwisho wa hadithi. Masikio yake ni mazima: ngoma ya sikio hutetemeka, na vifupa vitatu vilivyo nyuma yake hufikisha sauti. Kilichozoea ni moyo. Na Qurani, katika Sura ya Al-Hujurat, imemfananisha msengenyaji na mwenye kula nyama ya nduguye aliyekufa. Mzoga huo tumeuweka kati yetu barazani, nasi hatuusikii uvundo!

Huenda mtu akasema: Mimi sisemi, nasikiliza tu. Jawabu yake ni kuwa katika Sura ya Al-Israa tumeonywa ya kwamba masikio nayo yataulizwa, pamoja na macho na moyo.

Na dawa ni hii. Aliyezoea harufu hutoka nje akavuta hewa safi, na arudipo huisikia. Nawe ondoka katika baraza ya ghiba siku kadhaa, kisha sikiliza tena yasemwayo. Na ajapo mtu kutoka nje akakwambia, Hapa pananuka, usimkasirikie. Pua yake ni nzima kuliko yako. Na moyo ukikuuma kwa dhambi, usiunyamazishe kwa kusema kuwa watu wote hufanya hivyo. Mshukuru Mola kwa uchungu huo, utubie, ukamtaje nduguyo kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie masikio yetu na macho yetu, wala usizifishe nyoyo zetu ilhali miili yetu ni hai. Amin.