Je, Chema Chajiuza?

Wazee wetu walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo tumeipokea tangu utoto wetu, wala hatukuona sababu ya kuishuku. Walakini iko biashara moja ya vitu vizuri sana inayotulazimisha kuitazama tena, nayo ni biashara ya vyombo vya kioo vya rangi, vilivyopulizwa kwa pumzi ya mtu na kutengenezwa kwa mikono. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wengi wanaovikusanya vyombo hivyo na kuvipanga madirishani, kama wengine wakusanyavyo stempu za posta au sarafu za kale. Na katika biashara hiyo hutokea kwamba chombo chema hakijiuzi mpaka kimevikwa jina la kuazima.

Tumdhanie mtu mmoja, baba wa watoto. Miaka 20 iliyopita alinunua chombo cha maua, chini buluu, juu rangi ya machungwa, nazo rangi hizo mbili zachanganyikana katikati kama mbingu wakati wa magharibi. Muuzaji alimwambia ya kuwa ni kazi ya Murano, kisiwa kilicho karibu na mji wa Venezia huko Italia, naye akalipa fedha nyingi. Alikiweka dirishani, na kila asubuhi jua lilipokipitia alifurahi. Siku moja akaja mgeni mjuzi wa vioo. Akakigeuza chombo, akatazama kitako chake kwa makini, akamwonyesha mwenyeji wake herufi ndogo zilizochorwa kwa ncha ya chuma, karibu kufutika: ilikuwa sahihi ya fundi wa Lituanya. Tangu siku ile chombo kiko kabatini. Sasa baba huyo ana mtoto wa kulipiwa karo, naye ataka kukiuza. Moyo wamwambia: "Ulikinunua kwa jina la Murano, kiuze kwa jina la Murano. Nani atakayejua?"

Hapo pana maswali mawili. Mosi: chombo kilipoteza nini hata kikaondolewa dirishani? Pili: je, mtu huyu ana haki ya kukiuza kwa jina alilouziwa?

Kabla ya kujibu, yafaa tuifahamu kazi yenyewe. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Fundi huchukua mchanga safi, akatia magadi ili uyeyuke upesi, na chokaa ili kioo kisiharibiwe na maji. Magadi hayo ni ya namna ile ile ichimbwayo katika Ziwa Magadi nchini Kenya na kuuzwa kwa viwanda vya kioo. Mchanganyiko huo hutiwa katika tanuru lenye joto lipitalo digrii 1,200 za Selsiasi, hata ukawa mzito na kunata kama asali. Rangi zatoka katika madini: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani na rangi ya bahari, manganizi hutoa zambarau, na dhahabu kidogo sana hutoa wekundu wa yakuti. Ndipo fundi huchovya mrija mrefu wa chuma, akatoa donge linalowaka, akalipuliza, akaliviringisha katika kibao kilicholowana maji, akalirudisha motoni tena na tena. Muda wote huo hana budi kuuzungusha mrija, maana akiacha kidogo tu, donge litalegea na kuanguka upande. Na kazi ikiisha, haiachwi ipoe ovyo. Huwekwa katika tanuru la pili, lenye joto la digrii kama 500, ikapozwa polepole kwa saa nyingi, la sivyo itapasuka. Kitakoni husalia kovu dogo mahali chombo kilipotengwa na chuma. Vyombo viwili vilivyofanywa hivyo havilingani kabisa. Kila kimoja ni pumzi ya mtu fulani, ya siku fulani, iliyofungiwa katika kioo.

Na Lituanya ni wapi? Ni nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki. Watu wake hawafiki milioni 3, wengi wao ni Wakatoliki, nayo yasifika kwa kaharabu. Ufundi wa kioo huko si wa jana. Mwaka 1547 mtawala wao Sigismund Augustus alimpa Martynas Paleckis hati ya kujenga tanuru la kioo katika mji wa Vilnius, na mpaka leo uko mtaa katika mji ule wa kale uitwao Stiklių, maana yake mtaa wa mafundi wa kioo. Katika karne ya 20 Algimantas Stoškus na Kazys Morkūnas walijulikana kwa madirisha na kuta za vioo vinene vya rangi, vilivyovunjwa kingo kwa nyundo ili nuru icheze ndani yake. Na katika mji wa Panevėžys, upande wa kaskazini, karakana ya Remigijus Kriukas imejipatia sifa kwa vioo vya kupulizwa.

Mbona basi jina la nchi hiyo halisikiki sana sokoni? Sababu moja ni ya historia. Mwaka 1940 Lituanya ilitwaliwa na Muungano wa Kisovieti. Ikaangukia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1941, ikarudi chini ya Wasovieti mwaka 1944, wala haikutangaza kurudishwa kwa uhuru wake mpaka tarehe 11 Machi 1990. Kwa karibu nusu karne kazi za mafundi wake zilihesabiwa kuwa kazi za dola kubwa, si zao. Sababu nyingine ni ndogo, lakini ina nguvu yake: kibandiko cha karatasi hubanduka chombo kioshwapo, na chombo kisicho na sahihi hubaki bila kabila. Murano, kwa upande wake, ina jina tangu mwaka 1291, Serikali ya Venezia ilipoamuru matanuru ya kioo yahamishiwe kisiwani huko. Hata babu zetu walizijua kazi za Wavenezia, kwa kuwa shanga zao zililetwa Pwani na kuchukuliwa bara na misafara ya karne ya 19. Jina hilo lina thamani kubwa hata mwaka 1994 Mkoa wa Veneto ulitunga sheria ya alama ya kulinda kioo cha Murano. Haikosi basi, muuzaji aonapo chombo kizuri kisicho na jina, ashawishike kukipa jina litakalompatia faida.

Sasa tulijibu swali la kwanza. Chombo chenyewe hakikupoteza kitu. Buluu yake ni ile ile, na jua la asubuhi lakipitia vile vile. Kama furaha ya yule baba ilikufa siku alipoambiwa neno "Lituanya," basi sharti akiri kwamba kwa miaka 20 alikuwa akilitazama jina, na kioo kilikuwa kama msumari wa kulitundikia. Hili ni jambo la kututia haya sote, maana si yeye peke yake. Ni wangapi kati yetu huuliza kwanza, "Kimetoka wapi?" ndipo tujue kama tunakipenda?

Walakini tusimhukumu kupita kiasi. Labda mtu atasema: ikiwa jina ni upuuzi, basi na litupwe, na kila mtu atazame rangi tu. Twajibu: la, jina si upuuzi. Barua ya marehemu baba haibadilishwi na barua nyingine, hata iwe na maneno yale yale na karatasi iwe bora zaidi, kwa kuwa ile ya kwanza iliguswa na mkono wake. Chombo cha mkono ni vivyo hivyo. Kukijua jina lake ni kumjua mtu aliyesimama mbele ya moto. Jina ni jema linapotupeleka kwa mtu huyo. Huwa ubatili linapokaa mahali pake. Kosa la yule baba halikuwa kujali jina. Kosa lake ni kwamba, alipolipata jina la kweli, hakulifuata. Mlango ulifunguliwa, yeye akafunga kabati.

Twende kwenye swali la pili, ambalo ni gumu zaidi kwa kuwa lagusa mfuko. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alilichungua sana jambo la udanganyifu katika kununua na kuuza. Afundisha ya kuwa kitu kiuzwacho chaweza kuwa na kasoro ya namna tatu: kasoro ya asili, kwamba si kitu kile kisemwacho; kasoro ya kipimo; na kasoro ya ubora. Muuzaji ajuaye kasoro hizo na kunyamaza atenda dhambi, tena apaswa kurudisha. Kwa hukumu hiyo, kuuza kioo cha Lituanya kwa jina la Murano ni kuuza kitu kwa asili isiyo yake.

Lakini mtu mwerevu aweza kumgeuzia Thoma maneno yake mwenyewe. Thoma huyo huyo anasema kwamba kama mafundi wa kemia wa siku zake wangeweza kufanya dhahabu iliyo dhahabu ya kweli, lisingekuwa kosa kuiuza kama dhahabu. Basi, je, ikiwa chombo cha Lituanya ni kizuri sawa na kile cha Murano, mnunuzi ameibiwa nini? Hoja hiyo yapendeza masikio, bali ina ufa. Dhahabu yanunuliwa kwa vile ilivyo, wala hakuna aulizaye ilichimbwa na nani. Kazi ya mkono yanunuliwa pia kwa kuwa ni ya mkono fulani, na kwa sababu hiyo peke yake bei yake yapanda au kushuka. Muuzaji mwenyewe alijua hivyo. Kama jina lisingekuwa sehemu ya mali, mbona alidanganya juu ya jina? Uongo wake ndio ushahidi dhidi yake.

Tena wanaoibiwa hapo ni wawili. Mnunuzi huibiwa fedha zake. Fundi huibiwa sifa, naye huibiwa kwa namna ya ajabu, maana kadiri kazi yake inavyokuwa njema zaidi, ndivyo inavyomfaa mwivi zaidi. Kila asifiapo mtu chombo kile, sifa yavuka bahari na kutua katika kisiwa kisichokifanya.

Yule baba atalia: "Nami je? Mimi nilidanganywa. Je, ni haki hasara yote inikalie mimi?" Kilio hicho si cha mchezo, mtoto wa kulipiwa karo ni mtoto kweli. Twasema hivi: ana haki ya kumdai aliyemdanganya, kama ampata. Hana haki ya kumdai mtu wa tatu asiye na kosa. Hasara niliyotiwa na mwivi hainipi ruhusa ya kumtia jirani yangu hasara, la sivyo uongo mmoja ungetembea duniani toka mkono hata mkono bila kikomo, na kila auchukuaye angejiita mwenye haki. Sharti uongo ufie mkononi mwa mtu mmoja. Ni uchungu kuwa mtu huyo, lakini ndio uungwana.

Tena watu wa Lituanya wanajua uzito wa jina kuliko wengi wetu. Toka mwaka 1864 hata 1904 dola ya Urusi iliwakataza kuchapa vitabu vya lugha yao kwa herufi za Kilatini. Vitabu hivyo vikachapwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Prusia, kwa msaada wa Askofu Motiejus Valančius na wengine, na watu wa kawaida wakavivusha usiku mgongoni mwao, huku wakihatarisha kufungwa na kuhamishwa Siberia. Watu walioteswa kwa ajili ya kuandika maneno yao kwa herufi zao hawastahili kunyang'anywa majina yao katika meza ya mnada.

Basi, msomaji mpenzi, kukusanya vitu vizuri si kosa. Ni njia mojawapo ya kuheshimu kazi ya binadamu, mradi mkusanyaji ajihesabu kuwa mtunza amana. Mtunza amana hukigeuza chombo na kukitazama kitako, hukilinganisha na kazi zijulikanazo, huandika katika karatasi kilitoka kwa nani na lini, na asipojua, huandika bila haya: "Fundi hajulikani." Maneno hayo mawili hupunguza bei, lakini hayamnyang'anyi mtu kitu.

Naye yule baba na akitoe chombo kabatini, akakirudishe dirishani hata siku ya kukiuza. Siku hiyo na aseme: "Hiki chatoka Lituanya, na sahihi ya fundi ndiyo hii." Huenda akapata nusu ya fedha alizolipa, huenda akapata pungufu ya hapo. Wazee hawakusema uongo: chema chajiuza. Ila hawakutuahidi ya kuwa chajiuza ghali, wala hawakutupa ruhusa ya kukiuza kwa jina la mwingine.