Mahali pa Kuumiza

Asubuhi hiyo ya Aprili, baada ya mvua kunyesha usiku kucha huko juu ya Elburgon, Mjomba alikuwa ameshika fimbo badala ya usukani. Alitembea mbele ya trekta yake akiidunga ardhini kila baada ya hatua chache. Pale ilipozama bila kusukumwa sana, alitikisa kichwa. Nyuma yetu magogo ya saiprasi yalikuwa yamelala, yamekatwa tangu juzi. Mnunuzi alikuwa ameshapiga simu mara mbili kabla hatujamaliza chai.

Njia ya trekta ilikuwa imegeuka uji. Kando yake kulikuwa na nyasi, kijani safi, ardhi inaonekana imara. Mimi, kijana wa Nairobi, nikadhani nimepata suluhisho.

"Mjomba, si tupite hapa kando? Huku kumeshaharibika."

"Ndiyo maana tunapita huku," akasema. "Hapo bado ni pazima."

Jibu hilo lilinisumbua siku nzima. Nilizoea kudhani kwamba kitu kikichoka unakipumzisha, na mzigo ukiwa mzito mnagawana. Kwani kuna haki gani kuendelea kumkanyaga aliyeanguka?

Wacha nieleze kwanza kinachotokea chini ya tairi. Udongo mzima wa msitu si kitu kigumu. Karibu nusu yake ni nafasi tupu, vijitundu vidogo ambamo hewa na maji hupita na mizizi hupenya. Trekta ikipita ikiburuta gogo, uzito ule unavifinya. Udongo ukiwa mkavu, chembe zake hushikana na kujitetea kiasi. Ukiwa umelowa, chembe huteleza, hujipanga upya na kubanana. Kwa juu utaona alama ya tairi tu. Chini, mche utakaopandwa mwaka ujao utateremsha mzizi na kukuta kama sakafu. Maji ya mvua nayo, yakikosa pa kuzama, yatafuata mtaro wa tairi kushuka mlima na kubeba udongo wa juu, ule wenye rutuba. Maji ya Mto Molo, unaoanzia pande hizo, huishia Ziwa Baringo, na ukiliona hilo ziwa lilivyo la kahawia huhitaji kuambiwa kwamba udongo husafiri.

Kidonda hicho kinaweza kuchukua miongo kupona. Saiprasi huvunwa ikiwa na miaka kama 30, kwa hivyo mti unaweza kuzaliwa, kukua na kukatwa juu ya kosa la asubuhi moja.

Sasa, jambo ambalo Mjomba alilijua na mimi sikulijua ni hili: sehemu kubwa ya kufinywa huko hufanywa na safari chache za kwanza. Safari ya kumi inaweza kuuchimba mtaro zaidi, lakini vijitundu vingi vilishakufa zamani. Ukihama kila mara kutafuta ardhi nzuri, hujagawa maumivu. Umeyazalisha. Utamaliza kazi ukiwa umeharibu shamba lote kidogo kidogo, na hakuna mahali utasema hapa ndipo tulipokosea. Ndiyo maana wenye ujuzi wa misitu huchora njia chache kabla ya mti wa kwanza kuanguka, mbali na vijito, halafu wanazing'ang'ania. Wanachagua mahali pa kuumiza ili kwingine kupone.

Kanuni hiyo inanitisha, na nadhani inapaswa kumtisha yeyote anayeishi mjini. Tumeshaiona ikitumiwa kwa watu. Taka za Nairobi lazima ziende mahali, kwa hivyo ziende Dandora, na kwa kuwa Dandora imeshachafuka, basi ziendelee kwenda huko huko. Hesabu ni ile ile: usiharibu pazima. Tofauti ni kwamba mtu ana mapafu na ana sauti, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Njia ya trekta haina mtoto anayekohoa usiku. Kwa hivyo siwezi kusema kwamba kuchagua mahali pa kuumiza ni sawa popote. Ninachoweza kusema ni kwamba hata msituni, ambako kunaruhusika, kuna masharti. Mahali hapo pawe padogo. Pachaguliwe mapema, si kwa haraka wakati gari limekwama. Halafu anayepaumiza afanye kila awezalo kupunguza maumivu, asiseme tu "kumeshaharibika" na kukanyaga mafuta.

Na kuna mengi ya kufanya. Ukipunguza upepo kwenye tairi, inatandaza uzito wake juu ya eneo kubwa zaidi. Ukiinua kichwa cha gogo, halilimi ardhi kama jembe. Ukipunguza mzigo, unaongeza safari lakini hauzamishi mtaro. Uswidi na Finland, mashine inayovuna miti hupunguza matawi mbele yake yenyewe, kisha hupita juu ya hayo matawi kama mkeka. Mjomba hana mashine hiyo. Ana panga, na siku hiyo alikuwa na mimi. Nilikata matawi ya saiprasi na kuyatandika mpaka mikono ikanuka utomvu.

Lakini dawa kubwa kuliko zote haihitaji mashine wala panga. Ni kungoja. Wafini wamezoea kungoja majira ya baridi, ardhi yao ya majimaji igande iwe ngumu, ndipo waingie, na sasa baridi yenyewe inapungua. Sisi hatuna barafu ya kutusaidia, ila tuna Januari na Februari, na hata katikati ya masika kuna siku za jua ambazo ardhi hukauka kidogo. Ungoje tu.

Hapo ndipo swali la maadili linapobadilika, kwa sababu nani anaweza kungoja? Mjomba analipwa kwa safari. Siku trekta imelala, hakuna pesa, lakini mkopo wa trekta haulali. Mnunuzi ana lori la kukodi, na tanboi wake naye ana watoto. Najua kidogo kuhusu haya. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu tarehe ya mwisho ya karo haikujua kungoja. Subira ni fadhila, tumeambiwa tangu utotoni, ila nimekuja kuona kwamba mara nyingi ni kitu cha kununuliwa. Mwenye akiba anangoja na kuitwa mwenye busara. Asiye nayo anaingia matopeni na kuitwa mharibifu.

Tumebishana sana nchi hii kuhusu kukata na kutokata. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, Julai 2023 Rais akatangaza kuondoa marufuku hiyo, kesi ikaenda mahakamani, na mitandaoni kila mtu akawa mtaalamu wa miti. Sikumbuki kumsikia mtu akiuliza gogo litatokaje msituni, siku gani, juu ya udongo gani, na dereva atalipwa nini siku ya kungoja. Kukata kunaonekana hata kwa setilaiti. Udongo uliofinywa unafunikwa na nyasi baada ya miezi miwili, na hakuna anayeupiga picha.

Basi msimamo wangu ni huu. Tusimwachie dereva peke yake mzigo wa dhamiri. Yeye ndiye anayeijua ardhi kuliko wote, fimbo iko mkononi mwake, lakini ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kusema "leo hapana." Anayeuza msitu na anayenunua mbao waandike siku za mvua kwenye mkataba, na wazilipe. Kiasi kidogo tu, cha unga na mafuta ya taa, kingetosha fimbo ile ianze kusikilizwa. Dhamiri isiyo na posho ya siku ya mvua tunamwomba maskini atulipie sisi.

Siku ile Mjomba alifanya safari mbili juu ya matawi. Baada ya ya pili alidunga fimbo tena, ikazama hadi karibu na kiganja. Akazima injini. Tukakaa juu ya gogo, mvua nyembamba ikianza tena, na kwa muda nilidhani tumeamua.

Simu ikalia. Akaisikiliza, akasema "sawa, boss" mara tatu, akairudisha mfukoni. Hakunitazama.

"Kata matawi mengine," akasema. "Mengi."

Nikainuka nikaenda kukata.