Mbegu Bila Njia

Mwaka 1992 samoni mwekundu mmoja tu ndiye aliyefika Ziwa Redfish, katika milima ya Sawtooth, jimbo la Idaho nchini Marekani. Alikuwa dume. Alitoka Bahari ya Pasifiki, akapanda mito ya Columbia, Snake na Salmon kiasi cha kilomita 1,450, akayapita mabwawa manane ya umeme, akafika kwenye maji yaliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jike la kumpokea halikuwapo. Watu wakamwita Lonesome Larry, Larry Mpweke.

Wataalamu wa samaki walimkamua mbegu wakazigandisha, na mwili wake ukakaushwa ili uhifadhiwe. Tangu 1991 hadi 1998, samoni wekundu wa asili waliorudi Idaho walikuwa 16 tu kwa jumla. Mwaka 1995 na mwaka 1997 hakurudi hata mmoja. Wote 16 walichukuliwa na kuzalishwa katika matangi. Wao, pamoja na samaki wachache waliokutwa ziwani, ndio chimbuko la ukoo unaolelewa leo kwa uangalifu wa ajabu: kila mwaka wataalamu hupima chembe za urithi ili kujua nani azae na nani, ndugu wasije wakazaliana.

Ni kazi inayostahili heshima. Lakini ndiyo inayozua swali ambalo maabara peke yake haiwezi kulijibu. Mtu aliyekabidhiwa kiumbe, akaihifadhi mbegu yake huku njia yake imefungwa, je, ameitimiza amana?

Njia hiyo haikufungwa kwa siku moja. Mwaka 1910 bwawa la Sunbeam lilijengwa kwenye Mto Salmon kwa ajili ya machimbo ya dhahabu, na kwa zaidi ya miaka 20 likawa kikwazo kikubwa hadi lilipobomolewa sehemu mwaka 1934. Kati ya miaka ya 1950 na 1960, idara ya jimbo iliyokuwa na wajibu wa kutunza samaki ilitia sumu katika maziwa jirani ya Pettit, Yellowbelly na Stanley, ili samoni waondoke na wavuvi wa burudani wapate samaki aina ya trauti. Tena, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1960 hadi 1975, yakaongezwa mabwawa manne katika sehemu ya chini ya Mto Snake, juu ya yale manne ya Columbia. Samoni wakubwa hupanda kwa ngazi za samaki, lakini vifaranga wanaoteremka kwenda baharini hukutana na maji yaliyotulia, yenye joto, yenye samaki walao wenzao, na mashine za kufua umeme.

Walioinua sauti ni Shoshone-Bannock, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Mkataba wao na serikali ya Marekani wa mwaka 1868 unawapa haki ya kuwinda, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Idaho iliamua kwamba haki hiyo inahusu uvuvi pia. Mwaka 1990 waliomba samoni hao walindwe kisheria, na mwaka uliofuata wakatangazwa kuwa hatarini kutoweka. Haki ya kuvua mtoni pasipo na samaki ni karatasi tupu. Wao walilijua hilo mapema kuliko mawakili.

Utafiti wa maziwa umeliongezea swali la amana uzito. Samoni mwekundu huishi ziwani mwaka mmoja au miwili akila viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, kisha huenda baharini. Huko ndiko anakojipatia karibu uzito wake wote. Akirudi hutaga, hufa, na mwili wake huozea pale pale alipozaliwa. Katika Ziwa Karluk, kisiwani Kodiak huko Alaska, watafiti walichimba matope ya chini ya ziwa tabaka kwa tabaka, wakapima naitrojeni ya namna inayotoka baharini. Matope yaliwasomea historia ya karne nyingi: samoni walipofika kwa wingi, ziwa lilirutubika, viwanda vya kusindika samaki vilipoanza kuvua kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 19, rutuba ikashuka. Mizoga ya wazazi ndiyo inayowalisha watoto ambao wazazi hawatawaona kamwe.

Kwa hiyo Redfish, katika miaka ya 1990, ilibidi watu watie mbolea ya naitrojeni na fosforasi majini, ili kufidia maiti ambazo hazikufika. Jambo hili halifai kupitwa haraka. Ukimtoa samoni ziwani, hujamtoa samaki peke yake. Umetoa chakula cha ziwa, cha dubu, cha tai na cha miti ya kando. Samoni ni mwili, na ni safari pia, na ni kifo chenye mahali pake. Mbegu iliyogandishwa ina mwili huo kwa uwezekano tu. Safari haimo, na kifo hicho hakimo.

Watetezi wa matangi hupenda kuitaja safina ya Nuhu, na mfano huo una nguvu kwa Waislamu, Wakristo na Wayahudi sawasawa. Ila ukifikiriwa vizuri unawageukia. Nuhu hakuhitaji kuwapakia samaki; gharika ilikuwa maji, na maji ni kwao. Katika Kitabu cha Mwanzo samaki wanabarikiwa na kuamriwa wazaane na kuyajaza maji kabla mtu hajaumbwa, na Kurani inafundisha kwamba wanyama ni umma mfano wa binadamu. Ikiwa leo hata samaki anahitaji safina, basi gharika hii imetoka mikononi mwa watu. Tena safina ya Nuhu ilitua, mlango ukafunguliwa, wanyama wakatoka.

Watanzania wana mfano wao. Baada ya bwawa la umeme la Kihansi kupunguza maji ya maporomoko katika milima ya Udzungwa, vyura 499 wadogo wasiopatikana kwingine duniani walisafirishwa mwaka 2000 hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Lakini bondeni ulikuwa umewekwa mfumo wa kunyunyizia maji, na mwaka 2012 kundi la vyura likarudishwa Kihansi. Hapo angalau mtu alikumbuka kwamba chura huyo ni manyunyu ya maporomoko pia.

Redfish imeonja matumaini. Mwaka 2014 walirudi samoni zaidi ya 1,500. Mwaka uliofuata mito ikapata joto kupita kiasi, na karibu wote waliokuwa wakielekea Idaho wakafia njiani. Kituo kipya cha kulelea samoni hao, cha Springfield, kilianza kazi 2013, lakini vifaranga wake wa miaka ya mwanzo walikufa kwa wingi walipoachiwa, mpaka ikagunduliwa kwamba walilelewa katika maji magumu wakatupwa ghafla katika maji laini. Ziwa lina masharti yake, hata ladha ya maji yake haiigiziki kirahisi.

Wanaoyatetea mabwawa si watu wabaya. Mabwawa hayo manne huzalisha umeme, na majahazi hupakia ngano Lewiston, mji wa Idaho wenye bandari mamia ya kilomita kutoka baharini. Mkulima wa ngano hiyo naye ana watoto. Ndiyo maana haki inadai alipwe, apewe reli na umeme mbadala, wala asiambiwe tu kwamba samaki ni bora kuliko yeye. Kwamba njia ikifunguliwa samoni huijua, hilo halibishaniwi tena: mwaka 2024 ilikamilika kazi ya kuondoa mabwawa manne ya Mto Klamath, na mwezi Oktoba mwaka huo huo samoni walionekana juu ya mahali yalipokuwa, katika maji ambayo hawakuyafikia kwa zaidi ya karne.

Desemba 2023 serikali ya Marekani ilifikia makubaliano na makabila manne na majimbo ya Oregon na Washington kuhusu kufufua samoni wa bonde la Columbia. Juni 2025 ikajitoa. Mabwawa ya Snake yangali yamesimama, matangi yangali yanazalisha, na amana ya Redfish haijatimizwa.